Kwa wanaokwenda kufundisha chekechea Harbin

Ndugu Mhariri,

Vijana wa Mwanza wanaojiandaa kwenda kufundisha watoto Kiingereza kaskazini mwa China huulizia koti kwanza. Ni sawa, maana Harbin usiku wa Januari baridi hupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Koti zito la mtumba la soko la Mlango Mmoja litafaa, ila juu ya sweta la sufu. Nguo ya ndani kabisa isiwe ya pamba: ikilowa jasho inachelewa kukauka, na baridi inapitia hapo hapo.

Koo ndilo litakalowasumbua zaidi. Madarasa yanapashwa joto, hewa inakauka, na mwalimu anayepaza sauti mfululizo anaikosa kabla ya wiki kwisha. Amri zitolewe kwa mikono na vitendo. Tengeni pia dakika kumi za kuvua glovu na makoti, la sivyo kipindi kimeliwa.

Watoto wa miaka minne wapewe maneno mapya matano, si ishirini, na zoezi moja lisizidi dakika saba.

Matamshi nayo! Sisi wa Kiswahili tunabandika irabu mwishoni: "cup" inakuwa "kapu", na mtoto ananakili hivyo hivyo. Shika kipande cha karatasi mbele ya mdomo, tamka. Pumzi itikise karatasi, kisha koo linyamaze. Kwa "ship" (meli) na "sheep" (kondoo), bandika picha mbili ukutani, tamka moja, watoto waoneshe. Mwalimu asiyezitofautisha mwenyewe ajirekodi kwenye simu na kujisikiliza kabla ya kukata tiketi.

Walimu wa Kiingereza,
Nyamagana, Mwanza