Kwa Hamisi, kuhusu ile ThinkPad ya kabatini

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam aleikum, na wasalimie wote hapo nyumbani.

Umeniambia laptopu yako ya ThinkPad X220 inajikokota na unafikiria kuiuza spea. Usiiuze. Ni ya 2011, lakini prosesa yake ni ya biti 64, na matoleo mengi ya sasa ya Linux (mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows) yanadai hivyo. Kinachoifanya ijikokote ni ile hadidiski ya kuzunguka, pamoja na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ndogo.

Watu wengi huhangaika kutafuta Linux nyepesi kuliko zote. Sioni faida. Dawati litakuwa jepesi, sawa, ila kivinjari ni kilekile na kurasa za leo zitakula RAM ileile. Hela ipeleke kwenye SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 zinakutosha kabisa. Angalia unene wake: X220 inapokea ya milimita 7, ile ya 9.5 haiingii. Toa betri kwanza, fungua skrubu moja ya kifuniko cha pembeni, kisha vuta diski ya zamani kwa ule utepe wake. RAM iko chini ya mashine, nafasi mbili. Weka RAM ya aina ya DDR3 ya laptopu, GB 4 mara mbili. Muuzaji akikupa DDR4, au DDR3 ya kompyuta ya mezani, mrudishie, haitaingia.

Pakua Linux Mint 22 (moja ya hizo Linux), toleo la Xfce, yaani lenye dawati jepesi, ambalo masasisho yake yataendelea hadi 2029. Faili linakaribia GB 3, kwa hiyo tafuta waifai, usimalize bando. Kabla ya kuliandika kwenye fleshi, fungua Command Prompt kwenye Windows, ndani ya folda lilipo, uandike:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

(badala ya linuxmint.iso weka jina kamili la faili lako). Utapata msururu wa herufi na namba, ambao ni kama alama ya kidole ya faili; ulinganishe na ule wa tovuti ya Mint. Tofauti ya herufi moja tu, lipakue upya. Usakinishaji ukikwama katikati watu huilaumu mashine, kumbe mara nyingi faili liliharibika njiani au fleshi ni mbovu. Kuandika tumia Rufus (programu ya Windows ya kuandika faili hilo kwenye fleshi) na fleshi ya GB 8, na ujue vyote vilivyomo vitafutika.

Washa mashine huku ukigonga F12, uchague fleshi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Itakuwa nzito kidogo, usijali, inasoma kutoka kwenye fleshi. Hapo ndipo pa kujaribu kila kitu: waifai, sauti, mwanga wa skrini, na kama inalala ukifunga kifuniko na kuamka ukikifungua. Waifai ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB, ushiriki intaneti yake.

Ukiridhika, bofya Install Linux Mint, weka alama kwenye multimedia codecs (za kuchezea muziki na video), kisha chagua Erase disk, itakayofuta diski yote. Kama unaiacha diski ya zamani na kutaka Windows ibaki pembeni, usichague hiyo; nakili nyaraka zako kwanza, halafu uzime Fast Startup (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka). Bila hivyo Windows huwa haijazimika sawasawa, na Linux itakuruhusu kusoma mafaili yake tu, si kuyabadilisha.

Ukiwasha ukakuta namba ya hitilafu 0271 kwenye skrini, tarehe imepotea, na huenda betri ndogo ya saa imekufa. Usilipuuze hilo. Saa ikiwa nyuma ya wakati, tovuti zitalalamikia vyeti vya usalama na masasisho yatakataa kushuka.

Baada ya hapo endesha Update Manager (ya kusasisha mfumo), kisha washa Timeshift, inayohifadhi picha ya mfumo. Hii hukurudisha nyuma sasisho likiharibu mfumo, lakini kwa kawaida hainakili nyaraka zako. Hizo ziwekee nakala mahali pengine.

Na ukitumia sudo (amri ya kuomba ruhusa ya msimamizi) kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, nywila haionekani unapoiandika, hata nyota hazitokei. Kibodi haijafa. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

Ndugu yako,
Juma