Walimu wakongwe wa lugha nao washauriwe, wasikaguliwe tu

Mhariri,

Tangu Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yaanze kutekelezwa, shule zetu zina jumuiya za kujifunza ambamo walimu hukutana kujadili ufundishaji. Ni jambo jema, ila kwa sisi tuliofundisha Kiswahili au Kiingereza kwa miaka mingi mazungumzo ya mezani hayatoshi, kwani mengi yanayosemwa pale mwalimu mzoefu anayajua. Asichokijua ni namna anavyoonekana yeye mwenyewe akiwa mbele ya darasa.

Chukua kipindi cha fasihi cha kidato cha tatu. Mwalimu aliyekwisha kufundisha riwaya ileile mara nyingi huingia na daftari lake la zamani, akasoma dhamira na wahusika huku wanafunzi wakinakili, na dakika 40 zikikaribia kwisha akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Kitabu chenyewe hakikufunguliwa. Mwenzake aliyeketi nyuma akiandika nani amesema na kwa muda gani angemwonesha kuwa waliokaa madawati ya nyuma hawakutamka hata sentensi moja ya lugha wanayofundishwa. Karatasi hiyo humgusa mtu mzima kuliko nasaha.

Tatizo ni kwamba anayeketi nyuma kwa kawaida huwa mkuu wa shule au mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, na hapo kila mmoja wetu hufundisha kipindi cha maonesho: andalio la somo limenyooka, zana zimebandikwa, na wanaochaguliwa kujibu ni wale hodari. Sisemi wathibiti hawana kazi. Kazi yao ni nyingine. Mshauri wa kutazama kipindi awe mwalimu wa somo hilohilo, aombwe na mwenye kipindi, wakubaliane mapema ni jambo gani litatazamwa, na alichoandika kibaki kwa aliyetazamwa, kisiingie kwenye jalada la tathmini. Umri nao usiwe kikwazo: ni kweli kijana huona haya kumshauri mtu wa makamo, lakini mkongwe aliyealikwa kwanza kutazama darasa la kijana huwa mwepesi wa kumkaribisha kwake.

Kinachokwamisha zaidi ni ratiba, maana mwenye mikondo minne na rundo la insha za kusahihisha hawezi kuacha kipindi chake akatazame cha mwenzake. Naomba wakuu wa shule, wanapopanga ratiba ya muhula, wawapangie walimu wa lugha, wawili wawili, nafasi moja kwa wiki ya kutembeleana madarasani, na maofisa elimu waihesabu saa hiyo kuwa ni kazi, si mapumziko.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro