Kijana akisinzia asubuhi, uliza simu ililala wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wazazi wenzangu wenye vijana wa miaka 12 hivi mpaka 18, maana hili jambo limenikaa kifuani siku nyingi, na mi mwenyewe nimelikosea karibu mwaka mzima.

Binti yangu ana miaka 14. Alikuwa mtoto wa kuamka mwenyewe, mara ghafla akawa mzito asubuhi, unamwita mara tatu haitiki, anatoka chumbani macho mekundu, ukimuuliza kitu anajibu kwa mkato, na mimi neno langu lilikuwa moja tu, mvivu. Nikamwita hivyo kila siku, tena mbele ya wadogo zake. Sasa kuna usiku nimeamka kunywa maji, saa 8 hiyo, naona mwanga chini ya mlango wake, kufungua namkuta kajifunika gubigubi, simu inawaka ndani ya shuka, anajibu meseji za grupu la darasa lao. Hakuna baya lolote walilokuwa wanaandika, ni maswali ya hesabu na vichekesho vyao. Aliponiona akaanza kulia, akasema mama, nikinyamaza wataona nawaringia.

Nilikaa pale kitandani nikaishiwa maneno.

Nikaanza kuulizia na kusoma, kumbe mtoto akishabalehe mwili wenyewe unasogeza saa ya usingizi mbele. Ile homoni ya kulalia, melatonini, inachelewa kupanda, hata saa moja mpaka mbili zaidi ya alivyokuwa mdogo, kwa hiyo ukimwambia saa 3 usiku akalale anakodolea dari, wala sio ukaidi. Halafu mwanga wa simu unazidi kuichelewesha, na meseji nazo zinamweka roho juu. Madaktari wa usingizi wa Marekani walisema mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji masaa 8 mpaka 10 kila usiku. Hebu piga hesabu, aliyelala saa 7 usiku akaamshwa saa 12 asubuhi kapata masaa 5, akifika darasani unategemea ashike nini? Huko kwao madaktari wa watoto walishauri tangu 2014 shule za vijana zisianze kabla ya saa 2 na nusu asubuhi, na California wakaitungia sheria kwa sekondari zake nyingi, ikaanza kazi Julai 2022. Sisi wengine kengele ya shule hatuna uwezo nayo ila ya nyumbani tunayo.

Kwetu tumefanya hivi, saa 3 na nusu usiku simu zote zinachajiwa sebuleni, zote, na za wazazi. Akasema simu ndo inamwamsha, nikamnunulia saa ya mezani yenye kengele. Usimnyang'anye usiku ukiwa na hasira, mkalishe mchana, na mwache awaage wenzake mwenyewe kwenye grupu kwamba kuanzia saa fulani hapatikani, hapo haonekani kawaringia. Wiki ya kwanza alinuna kweli kweli. Ya pili akaniambia wenzake wawili nao wameanza kuaga mapema, na nahisi walikuwa wanatafuta pa kutokea siku zote. Wikendi namwacha alale saa moja zaidi ila sio mpaka mchana, maana Jumapili usiku usingizi hauji tena mnaanza moja.

Neno mvivu nililifuta. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale wadogo zake walionisikia nikimwita hivyo, na niliona mabega yake yanashuka.

Ombi langu kwa akina baba, simu zenu pia zije sebuleni. Wa kwangu ilimchukua siku 5, na mtoto alikuwa anazihesabu.

Mama wa watoto watatu