Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mafundi wa Vyombo, Lamu

Ndugu wanachama, assalaam alaikum.

Hesabu atawasomea mweka hazina. Ada zimelipwa vizuri, nawashukuru. Mimi nitazungumzia kalibu, yaani vile vifaa vya kufinyangia mwili wa boti, maana ndizo zinazotula pesa na muda.

Desturi yetu mnaijua. Mchoraji humaliza umbo la boti ya faibaglasi, ndipo fundi wa kalibu akabidhiwe mchoro. Fundi wa rezini, ile gundi ya majimaji inayogandisha faibaglasi, huitwa mwisho kabisa. Hapo ndipo inapogundulika kuwa ubavu umesimama wima mno na boti haichomoki, au ukingo umejikunja kwa ndani na kalibu ilitakiwa iwe ya vipande viwili. Kalibu nzima hukatwa kwa msumeno kwa sababu ya mstari ambao ungefutwa kwa raba.

Dawa yake inaitwa uhandisi sambamba: chombo, kalibu yake na namna ya kukiunda husanifiwa pamoja tangu mwanzo. Jina hilo lilienea baada ya ripoti iliyoandikiwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1988. Boeing waliifuata njia hii kwa ndege yao ya 777, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1994. Wasanifu, watengeneza zana na watu wa mashirika ya ndege walikaa pamoja, na sehemu zikaunganishwa kwanza kwenye kompyuta ili zinazogongana zionekane mapema.

Anayeona haya ni ya wenye ndege, aikumbuke Flipflopi, jahazi la plastiki iliyotumika, lililoundwa hapa hapa Lamu mwaka 2018 na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, likasafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata. Mkuku wake, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, yalimiminwa kwa plastiki hiyo, kisha yakachongwa kama mbao. Plastiki ikipoa hunywea, kwa hiyo kalibu lazima izidi kipimo cha kipande. Kiasi cha kunywea anakijua mmiminaji. Kiasi cha kuachia tezo anakijua mchongaji. Wasiposemezana, mkuku hutoka mfupi.

Mwaka huu tulijaribu kwa boti moja ya uvuvi. Mchoraji, seremala, mchomeleaji, fundi wa rezini na nahodha walikutana karatasi ikiwa bado nyeupe. Mabishano yalikuwa makali, na nafurahi yalikuwepo. Nahodha alitaka kitako cha injini kishuke. Mchomeleaji akaonyesha kuwa fremu ya kalibu isingegeuka. Walisuluhisha kwa vipande vya plaiwudi, kabla rezini haijafunguliwa. Boti ilichomoka kwa kabari tu.

Kikwazo kilichobaki ni malipo. Fundi wa kalibu halipwi mpaka kazi ianze, basi kwa nini apoteze asubuhi yake kwenye mchoro? Naomba mkutano huu upitishe kwamba kila mkataba utakaopitia chama uwe na fungu la siku za usanifu, na fundi wa kalibu, fundi wa rezini na mchomeleaji walipwe kutoka humo.