Tumkumbuke Mwalimu Patrick van Rensburg

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke Patrick van Rensburg, mwalimu aliyefariki dunia mwaka 2017 nchini Botswana, ambaye kwa maoni yangu hatajwi vya kutosha katika mijadala yetu kuhusu ajira kwa vijana.

Mzaliwa huyo wa Afrika Kusini alijiuzulu kazi ya ubalozi mwaka 1957 kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka 1963 alianzisha shule ya Swaneng Hill mjini Serowe, Botswana, na haikupita muda akakabiliwa na jambo tunalolijua sana: watoto wa maskini waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi za sekondari. Kwa ajili yao aliunda mwaka 1965 brigedi ya waashi, yaani kikundi cha kujifunza ufundi kwa vitendo, ambamo kijana alijifunza kupima msingi, kupanga matofali na kukadiria gharama kwenye jengo halisi, huku akitengewa pia muda wa darasani, na mapato ya kazi yakisaidia kuendesha mafunzo yenyewe.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa sababu kwetu ujasiriamali mara nyingi hufundishwa kwa vitini, na kijana huhitimu bila kuwahi kumwandikia mteja hata stakabadhi moja. Naziomba halmashauri zetu, zinapojenga madarasa na zahanati, zitenge sehemu ya kazi hizo kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, wasimamiwe na walimu wao, na walipwe.

Msomaji wako,
Morogoro