"Glare" sio kukodoa macho tu

Ndugu mhariri, naomba nafasi niseme hili maana linanikera kweli. Kwenye madaftari ya Kiingereza ya watoto wetu wa sekondari, na hata zile notisi za tuisheni zinazouzwa steshenari, utakuta glare imeandikwa "kukodoa macho" basi, hakuna mfano hakuna nini, na mtoto anameza hivyo hivyo. Sasa juzi nasoma insha ya binti wa kidato cha pili kaandika "The baby glared at me and laughed", yaani kichanga kamtolea mtu macho ya hasira halafu kacheka! Na simlaumu hata kidogo, kwa Kiswahili mtoto mchanga si anakodoa macho kweli, mtu akishangaa anakodoa, akiogopa anakodoa.

Glare lazima iwe na hasira, ukiitoa hiyo hasira inabaki stare, yaani kukodoa macho tu. Na sisi wote tuliolelewa uswahilini tunaijua vizuri sana, wageni wamekuja, wewe unapeleka mkono kwenye sahani ya maandazi kwa mara ya tatu, mama hasemi kitu, anaendelea kupiga stori na mgeni ila anakukazia jicho mpaka mkono unarudi wenyewe. Hiyo ndo glare. Tena inamlenga mtu, ndo maana unaona "at" inafuata, she glared at me. Scowl ni tofauti, hiyo unaweza ukakunja ndita peke yako chumbani bila kumwangalia yeyote. Glower iko karibu sana na glare ila ni ya mtu aliyenuna, anakuangalia vibaya na haachi. Frown ndo nyepesi, hata anayewaza hesabu anakunja uso.

Halafu mbona hatuwaambii watoto kwamba neno hili lilianzia kwenye mwanga? Mpaka leo zile taa za gari linalokuja mbele yako usiku zikakuumiza macho, ule mwanga unaitwa glare. Mtoto akijua hilo hasahau, ataona macho yanayowaka.

Hawa watoto wanasoma masomo karibu yote kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, jamani. Walimu wenzangu tuandike "kumkazia mtu macho kwa hasira" na sentensi moja ya mfano chini yake, na nyie gazetini kwenye ukurasa wa wanafunzi muyaweke haya maneno manne, glare, scowl, glower na frown, pamoja, kila moja na mfano wake.

Mwalimu wa Kiingereza, Morogoro