Njeri, nieleze Parsons

Njeri wangu,

Vipi Kisumu, ushazoea joto ama bado? Mimi niko kwa mat hapa Jogoo Road, hatujasonga tangu City Stadium, kwa hivyo nimeona nikujibu ile stori yetu ya Jumapili manake ulikata simu kabla nimalize. Ulisema hawa watu wa kwenye riwaya za udikteta hujitafutia makuu, ati Winston wa 1984, ile ya Orwell, angenyamaza tu afuate wenzake angezeeka vizuri, halafu ukanimaliza na methali, ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho.

Sawa. Sasa nieleze Parsons.

Unamkumbuka? Yule jirani wa Winston kwa 1984, mnene, jasho jasho, kila mkutano yuko, kila mchango anatoa, hana hata wazo moja la kwake. Huyo ndiye alifumba jicho kuliko wote. Na bado anatupwa seli, kisa na maana aliropokwa usingizini ati Kaka Mkubwa, mtawala wao, aanguke, na aliyemsikia ni binti yake wa miaka 7, alitega sikio kwa tundu la ufunguo, kesho yake akaenda kumripoti. Kushikwa hata hakuniumi sana, kinachoniuma ni vile mzee anasema anajivunia huyo mtoto, inaonyesha amemlea vizuri. Niliweka kitabu chini nikaenda kuosha vyombo na vilikuwa visafi.

Halafu kuna kile cha Mrusi, Zamyatin, kinaitwa Sisi, nilikitoa kwa wale wa kuuza vitabu chini pale Tom Mboya, kava limeraruka. Kilitoka kwa Kiingereza 1924 lakini kwao wenyewe hakikuchapishwa hadi 1988, hebu fikiria, na Orwell alikisoma akakiandikia gazetini 1946, miaka mitatu kabla chake kitoke. Huko watu hawana majina, ni namba, nyumba ni za kioo jirani akuone mpaka ukichana nywele, na D-503 anaipenda hiyo hali kabisa, yeye ni mtu wa hesabu, anaona kila kitu kimelingana. Shida yake ni mikono. Ina nywele, na sio malaika hizi zetu, ni manywele kama ya nyani, na anaona haya mtu akiiangalia. Hakuichagua hiyo mikono! Hakuandamana, hakubishana na mtu, alizaliwa nayo tu.

Ndio maana sikubali wakisema hivi vitabu ni vya mashujaa wa kujiamini, yale maneno ya kubandika WhatsApp. Winston ni mwoga ana kidonda cha mguu. Mtu hubaki mtu hata akijikaza asiwe, inamtoka tu kama mkoromo. Na hiyo methali yako inasema fumba, haikusema ng'oa. D-503 mwishowe walimng'oa, walimfanyia opareshoni ya kutoa kile kitu kichwani kinachotuotesha ndoto, akakaa pale akitazama yule mwanamke wake akiteswa na wala hakushtuka.

Nilikuambia kazini siku hizi tuna wimbo? Kila Jumatatu saa mbili kasorobo, tisheti za rangi moja, makofi, na meneja anapita akiangalia midomo nani anaimba nani anatafuna hewa. Mimi naimba kushinda wote Njeri, nina nyumba ya kulipa. Nishasifiwa mara mbili mbele ya watu.

Sasa juzi Alhamisi sista ananiamsha asubuhi akicheka mpaka akakaa chini, ati nimeongea usiku kucha. Namuuliza nilisema nini, hasemi. Nimemnunulia hadi smokie mbili na kachumbari, amekula, hasemi.

Najua atakupigia. Usimuulize.

Wako,
Mwende